Ulezi Wangu

…kwa sababu kama ni mateso, najiuliza kwa mara ya tatu tangu karani aanze kusoma, kwa nini anayeteswa ndiye anayelia akinyimwa mateso, na swali hilo halimo katika kumbukumbu ya shauri, nimelitafuta, nimepekua kurasa zote za mwandiko wangu mwenyewe na halimo, na Malongo anaendelea kusoma kwa ile sauti yake anayosomea kila kitu, kibali cha ng'ombe na hukumu ya kifungo kwa sauti moja, "mshtakiwa anaapa na kusema, jina langu ni Bonifasia, mkulima, Mkristo, umri wangu nadhani miaka thelathini na miwili," na nje, nyuma ya mlango wa bati, mtoto analia, Odeta, miaka saba, binti wa huyu mshtakiwa, analia tangu tulipoketi, wala si kilio cha kuomba kitu, ni sauti moja ndefu isiyopanda wala kushuka, na kila baada ya kitambo kinasikika kishindo, na kila mtu humu ndani anajua kwamba kishindo hicho ni paji la uso la Odeta na bati la mlango, na kila mtu humu ndani anatazama mahali pengine, mshauri wangu mzee Bulugu anatazama fimbo yake, mshauri wa pili, mama Restituta, anatazama rozari aliyoizungusha kidoleni, mimi natazama kielelezo. Kielelezo A. Kiko juu ya meza mbele yangu na kikaratasi chake kimefungwa kwa uzi, saini yangu juu yake, tarehe 19 Februari 1979, vitenge viwili kuukuu vilivyoshonwa pamoja na kugawanywa vyumba vyumba kama sega la nyuki, kila chumba kimejazwa kitu kizito na kufungwa, mishono midogo, iliyonyooka, mishono ya mtu ambaye hakuwa na haraka, na hilo pia limo katika ushahidi kwa mtu mwenye macho, kwani anayetaka kumkandamiza mtoto hatulii wiki mbili kushona vyumba, huchukua jiwe, huchukua goti lake… lakini pole pole, hakimu, usikimbie, mishono mizuri inathibitisha ushonaji mzuri na haithibitishi zaidi ya hapo, hata kamba ya kunyongea watu ilisukwa na mtu mwenye mkono mzuri.

"Mtoto wangu ni mgonjwa tangu utotoni," anasoma Malongo, "hapendi sauti, hapendi kuguswa kidogo kidogo, ukimgusa kidogo ni kama umemchoma, ukimkumbatia kwa nguvu ananyamaza," na Telesfori, mlalamikaji, balozi wa nyumba kumi, amevaa shati la mgambo ambalo hakuna anayejua alipewa na nani, anakohoa, kikohozi cha kuniarifu kwamba neno hilo "kwa nguvu" nilizingatie, nimelizingatia, balozi, nililizingatia jana nilipoliandika, na ninakuzingatia na wewe, nakuona ulivyokaa kwenye kiti cha mbele kama bwana harusi, na natamani sheria ingeniruhusu kuandika kikohozi katika kumbukumbu ya shauri, SM1, shahidi wa kwanza wa mashtaka, anakohoa kwa hila. Maana huyu ndiye aliyekula kiapo akasema nilisikia mtoto akilia kila siku, ndugu hakimu, nikawaambia wananchi kwamba kelele hii wakati wa vita ni hatari, ndege ya Amini ikipita itajua kuna watu, na Bulugu, ambaye kazi yake kama mshauri wa mahakama ni kuuliza na hajawahi kuogopa kazi yake, akauliza, "Balozi, hiyo ndege ina masikio?" na ghala zima, ndiyo mahakama yetu siku hizi, likacheka, na Telesfori akasema, "Mzee, nyie Wasukuma mnacheka kwa sababu mali yenu ina miguu, ndege ikija mnaswaga mnaondoka," na Bulugu akasema, "Tunaswaga, ndiyo, na wewe tutakuswaga, tutakuweka kati ya madume usipotee," na hata mimi nilicheka, nakiri, nilicheka na kwa kicheko hicho nikaacha kuuliza swali lililofuata, swali dogo, swali ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeliuliza, kwamba balozi, ulikwenda kwenye nyumba hiyo kwa sababu mtoto alikuwa analia, je, ulipoingia alikuwa analia? Kwa sababu jibu limo ndani ya ushahidi wake mwenyewe, ukurasa wa pili, mstari wa tisa, "nikaingia nikakuta kimya, nikashtuka, nikamkuta mtoto amelala chini, mzigo umemfunika toka miguuni mpaka kifuani, macho yake yako wazi, anatazama paa, nikajua anauawa." Kimya. Alilalamikia kelele akakuta kimya, akachukua kilicholeta kimya akakileta mahakamani, na mahakama, yaani mimi, ikakifunga uzi ikakipa herufi A, na tangu siku hiyo, siku sita sasa, kimya hakijaonekana katika kijiji kile wala hapa, sikiliza, kishindo kingine, na Telesfori hata kope haimchezi.

Malori yanapita. Yanatoka Nyakanazi, yanakwenda kaskazini, kumi, kumi na mawili, ghala linatetemeka, vumbi linashuka kutoka kwenye boriti juu ya jalada, na sauti ya Odeta inapanda mpaka inavuka injini, Malongo ananyamaza kwa sababu hajisikii mwenyewe, tunasubiri sote, serikali nzima ya mahali hapa imekaa inasubiri vita vipite barabarani, jengo letu la mahakama limejaa maboksi ya jeshi tangu Novemba nasi tunahukumu watu katika ghala la ushirika ambao nao ulishavunjwa, ukutani bado kuna mizani ya pamba, na juu ya mizani hiyo, Jumatatu, mbele ya pande zote mbili, nilipima Kielelezo A, kwa sababu mimi ni mtu wa kupima, kilo tatu na nusu, niliandika, kilo tatu na nusu, na saa moja kabla ya hapo SM1 alikuwa amesema kwa kiapo "mzigo mzito kama mfuko wa saruji, ndugu hakimu, mchanga mtupu," na mfuko wa saruji ni kilo hamsini, nami nikaandika hili kwenye ukurasa wa pili na lile kwenye ukurasa wa tatu, nikageuza karatasi, sikumwambia balozi, kati ya hamsini na tatu na nusu iko wapi saruji yako. Huo ndio umakini wangu. Mimi niliyerudi kutoka chuoni na cheti, ninayewaambia makarani kwamba shahidi hapimwi kwa ukubwa wa sauti yake, niliweka uongo na ukweli katika jalada moja wakalala pamoja kama mume na mke, nikaridhika kwa sababu mwandiko ulikuwa msafi.

Malori yameisha, Malongo anatafuta mstari kwa kidole, "nilianza kujua mwaka wa sabini na nne, wakati wa operesheni ya vijiji," anasoma, na hapa najua kila neno linalokuja, kwani hapa ndipo nilipomkatiza mara nyingi zaidi, nilimkatiza kama wakili wa upande wa pili na si kama hakimu, alisema walifika watu wa operesheni asubuhi, wakaezua nyumba yao kule karibu na Nyantakara, wakapakia vitu na watu juu ya lori, yeye na magodoro na magunia ya nafaka na jiwe la kusagia na watu wa nyumba tatu, na Odeta akiwa na miaka miwili, ambaye tangu azaliwe alikuwa halali ila kwa kuchoka na kulia, akabanwa katikati, gunia huku, gunia huku, mama juu yake, na lori halijafika mlimani mtoto akanyamaza, "nikadhani amekufa, mheshimiwa, nikaweka mkono puani nikasikia anapumua, amelegea kama mtoto wa mtu mwingine," na nilimuuliza, ninakumbuka jinsi nilivyojisikia mwerevu nikiuliza, "Mama, utajuaje kama si mtikisiko wa lori?" na akanitazama, hakukasirika, akasema, "Sikujua, mheshimiwa. Nikajaribu. Tulipofika pale tulipotupwa nikamweka mgongoni nikamtikisa, akalia. Nikamlaza kwenye godoro, akalia. Nikamweka katikati ya mizigo bila kumtikisa, akanyamaza. Nikatoa mzigo mmoja, akaanza. Nikarudisha, akaacha. Nilifanya hivyo siku nyingi mpaka nikachoka kuona." Mpaka nikachoka kuona! Mwanamke ambaye kesho yake atatia dole gumba kwa sababu hajui kuandika jina lake aliondoa sababu moja, akabakiza nyingine, akarudia, akarudia tena, wakati nyumba yake imeezuliwa na anapika kwa mafiga chini ya mti, na mimi, ambaye kazi yangu yote ni hiyo, kutenga sababu na sababu, niliandika nini? niliandika, naliona neno hilo hapo juu chini ya ukucha wa Malongo, niliandika "mshtakiwa anakiri kumfanyia mtoto majaribio."

Hasira inayonizunguka tangu asubuhi si ya mtoto wala ya kelele. Niliidhani ni ya kelele. Jana nilimtuma mgambo amwondoe mtoto mlangoni, mgambo akarudi mkono unatoka damu, akasema ameng'atwa, nikamwambia mwache. "Simwekei kichwani," anasoma Malongo, "simwekei usoni, naanzia miguuni napanda pole pole, nikifika kifuani namwangalia, akisukuma natoa. Mzigo asioweza kuusukuma kwa mguu mmoja ni mzito, huo nilipunguza. Nikiweka sufuria ya maharage jikoni namwekea, yakianza kutokota namtolea, hata kama hataki." Na Telesfori alipopewa nafasi ya kumhoji aliuliza swali moja tu, "Wewe ni daktari?" na watu wakacheka tena, na mama akajibu, "Hapana, balozi, daktari nilimwendea, aliniambia nimfunge kamba," na hapo hakuna aliyecheka, na mimi niliinamisha kichwa nikajifanya kuchovya kalamu, kwa sababu kamba ninaijua. Kamba ya katani. Dada yangu Clotilda, kijijini Kasulo, kwa baba yetu, alifungwa kifundo cha mguu kwenye nguzo ya jiko miaka saba, na kabla ya kamba alikuwa na mahali pake, pale ghalani kati ya ukuta na magunia ya maharage, alijisukumiza mle mpaka unaona nywele tu, akatulia, asubuhi nzima, na mimi niliporudi likizo na sare yangu ya shule ya kati baba alisema mtu hahifadhiwi kama maharage, mtoe, nikamtoa, kwa miguu, nilimvuta kwa miguu yote miwili huku kucha zake zikiparura udongo, kila siku ya likizo ile nilimvuta, na alipolia nilimpiga, na niliamini nampiga ili awe mtu… ila siwezi kuthibitisha kwamba ulikuwa ugonjwa mmoja. Hilo lazima liwe wazi. Clotilda amekufa, baba amekufa, sina shahidi wa kuhoji, nina kumbukumbu tu, na kumbukumbu ni shahidi ambaye ana masilahi yake katika shauri, hivyo silitumii hapa, nalitoa, naliweka kando, alizikwa na alama ya kamba juu ya kifundo, naweka kando hilo nalo.

"Nasema mbele ya mahakama," anasoma Malongo, na anaviringisha ulimi kidogo kwa sababu mstari huu anaupenda, huu ndio mstari wa shauri, washauri wote wawili walitikisa vichwa niliposoma jana, na Telesfori alipiga paja lake, "nasema mbele ya mahakama kwamba nambana kwa ulezi wangu mpaka anyamaze." Hapo. Kukiri. Nambana kwa ulezi wangu mpaka anyamaze, yaani malezi yake ni kubana, yaani anadai haki ya mlezi kumwadhibu mtoto, na haki hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo mimi naijua, nilikwisha kuitunga hukumu kichwani jana hiyo hiyo nikila ugali wangu, sentensi baada ya sentensi, kwamba ulezi haumpi mlezi ruhusa ya kumlemea anayelelewa, nilifurahia sentensi hiyo, ulezi, kulemea, anayelelewa, jinsi yanavyofuatana, Mungu anisamehe, nilifurahia jinsi yanavyofuatana. Miezi sita, nilifikiri. Mtoto apelekwe kwa ndugu. Kielelezo kiteketezwe. Malongo amesimama kidogo amegeuza ukurasa, upepo wa mlangoni umepita, na juu ya karatasi yangu nyeupe, pembeni mwa Kielelezo A ambacho pembe yake moja panya wa ghala hili ameionja, kuna vitone. Nilidhani ni vumbi la boriti. Navipuliza, haviruki. Naweka kidole. Vidogo kuliko kichwa cha pini, mviringo, rangi ya kutu, vinateleza chini ya kidole, kumi, ishirini, vinatoka penye tundu la panya, kimoja kimoja, na mchanga hauviringiki hivi, na panya hali mchanga.

Panya hali mchanga. Naweka kimoja kwenye ncha ya ulimi, hakimu analamba kielelezo mbele ya mahakama, na hakuna anayeona, wote wanakwepa kuona mlango, nakitafuna, na ladha inakuja moja kwa moja kutoka jikoni kwa mama yangu, uji, uji wa asubuhi, uji wa mzazi, pombe ya sikukuu… ulezi. Ni ulezi. Nambana kwa ulezi wangu. Hakusema malezi yake, alisema nafaka yake, nafaka iliyo ndani ya vitenge hivi, aliitaja kwa jina, akaionyesha kwa mkono, sasa nakumbuka ule mkono, alinyoosha mkono kuelekea mezani hapa nami nilikuwa naandika sikuinua macho, na hata hakusema ulezi, alisema "urezi", kwa ulimi wa kwetu, nami nikamsahihisha, nikaiondoa r yake nikaweka l yangu ya shule, nikadhani nimetengeneza neno kumbe nimeligeuza. Na kabla ya hapo? Kabla ya hapo alianza kusema kwa lugha ya nyumbani, na ni lugha yangu pia, Kihangaza, mama yake alivuka kutoka Ngara kama nilivyovuka mimi, alifungua kinywa akaanza jina lenyewe la nafaka hii, neno ambalo hata Bulugu Msukuma analielewa kwa miaka aliyokaa na sisi, na mimi nikagonga meza, mimi, kwa kalamu, "Sema Kiswahili, mama, hapa ni mahakamani," na akatafuta, nilimwona anatafuta kama mtu anayepapasa mfuko, akapata hilo moja, la heshima, la sokoni, akanipa, na kwa hilo nimemtia hatiani. Angebaki na lugha yake angekuwa nyumbani kwake na mtoto wake sasa. Alinitii ndipo akapotea.

Na inaeleza. Subiri, usikimbilie, lakini inaeleza, maharage yangechoma, mchanga ungeshika unyevu na baridi, mtama ungeingia wadudu kabla ya mvua mbili, ulezi ni mdogo, unateleza, unafuata mwili unapolala, unakaa miaka bila kuharibika, kila mwanamke wa huku analijua hilo, na vyumba vile vimeshonwa ili usikusanyike upande mmoja, kila kitu katika kifaa hiki kina sababu yake, hakuna mshono usio na sababu, na ni mimi peke yangu katika shauri hili niliyefanya jambo bila sababu. Sikukifungua! Siku sita nilikaa nacho mezani, nikakipima, nikakifunga uzi, nikakiwekea saini, na sikuuliza kuna nini ndani, eti kielelezo hakichezewi, balozi alisema mchanga nikaandika mchanga.

Basi kwa nini hakusema? Swali la haki hilo, liulizwe. Siku Telesfori anaingia kwake, kwa nini hakusema ni nafaka? Na jibu limekaa kwenye kiti cha mbele na shati la mgambo. Kwa sababu wiki ile ile balozi huyu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akikusanya chakula cha askari, debe hapa, debe pale, na nyumba iliyosema haina aliingia mpaka uvunguni, na Bonifasia alitoa mahindi, limo katika ushahidi wa balozi mwenyewe, "huyu mama alitoa mahindi akaapa hana nafaka nyingine," nilidhani limewekwa pale kama pambo. Hakuwa na nafaka nyingine. Alikuwa na kitanda cha mtoto, na alichagua kuitwa mtesaji kuliko kuona Telesfori anapasua vitenge na kumwaga chumba kimoja kimoja kwenye debe. Akavumilia kuambiwa ni mchanga. Alivumilia mpaka mbele ya kiapo, na mbele ya kiapo hakuweza kusema uongo, akataja neno, akategemea kwamba hakimu ni mtu wa kwao na atasikia.

Nikilisahihisha neno, basi, namtoa katika ukatili na kumwingiza katika jingine. Telesfori atasimama. Naona kabisa atakavyosimama, atasema ndugu hakimu, vijana wetu wako mbele wanakufa, na mama huyu ameficha ulezi ndani ya nguo, huyu ni adui wa nchi, na watu waliocheka naye jana leo watakuwa na sababu ya kutocheka, wengi humu wana watoto wao huko Mutukula, na mama Restituta ana wawili. Nikiacha neno lilivyo, miezi sita na kamba. Nikilibadilisha, labda kijiji kizima juu ya mlango wake. Hilo nalo ni la kupima, lipimwe, lipimwe kwa mizani ya kweli safari hii: tangazo lilisema mchango, nililisikia redioni na nililiona limebandikwa hapo nje, mchango wa hiari, na hiari ni neno, lina maana moja, halina r wala l ya kubishania, anayenyimwa cha hiari hajaibiwa, na hakuna sheria, nitamtaka balozi anionyeshe kifungu, nitamwambia simama hapo hapo ulipo, ndugu Telesfori, nitajie kifungu, na nitaandika ukimya wake neno kwa neno. Kilo tatu na nusu. Jeshi halitashinda wala kushindwa kwa kilo tatu na nusu za ulezi uliomlalia mtoto miaka mitano. Na kama watu watanuna, watanuna kwa hukumu yenye jina langu. Sijui kama mzigo huu unaponya. Siwezi kuandika kwamba unaponya, hakuna aliyethibitisha hilo, mama mwenyewe hakulidai. Ninachojua ni kidogo na kinanitosha: ukiwepo mtoto ananyamaza, ukiondolewa anajigonga, anaweza kuusukuma na hausukumi. Alikwenda mwenyewe kuuburuta kutoka pembeni kila siku, mama alisema, nami niliandika "mtoto amezoea mateso." Hata Clotilda alikwenda mwenyewe. Kila asubuhi ya likizo ile alirudi mwenyewe kwenye magunia, na mimi niliyemvuta sikuwahi kujiuliza anarudia nini, nilimwona anarudi nikahesabu kuwa ni ukaidi… nilikwisha kusema silitumii, na silitumii, liko kando, lakini linanitazama.

"…mpaka anyamaze," anarudia Malongo, kwa sababu ya upepo alipoteza mstari, "hayo ndiyo maelezo yangu, nimesomewa, ni sahihi," na anasogeza kidau cha wino, kile chenye sifongo, na Bonifasia amesimama, mkono wa kulia umenyooshwa, dole gumba limetengwa na vidole vingine kama alivyoelekezwa, hatazami karatasi, karatasi haimwambii kitu, anatazama mlango wa bati, kishindo, anafumba macho, kishindo, anafumbua, na Telesfori anakohoa kile kikohozi chake, Bulugu bado anatazama fimbo, hakuna kilichobadilika humu ndani tangu Malongo aanze kusoma ila chembe ishirini juu ya karatasi na ladha yake kwenye jino langu, na hasira, ambayo asubuhi nzima ilikuwa inazunguka ghalani ikitafuta wa kumkalia, balozi, daktari, panya, imekaa. Imepata mwenyewe. Mwandiko ni wangu. Kalamu iko mkononi, ninaiweka juu ya neno hilo zuri lililoandikwa vizuri, silikati bado, kwani sahihisho la kimya kimya ni hila nyingine, litatamkwa, mbele ya pande zote mbili na mbele ya askari watakaopita, nitamwuliza tena na safari hii nitamwuliza kwa lugha aliyoanza nayo, nitalivunja mimi mwenyewe lile katazo nililoliweka, dole gumba limeshagusa sifongo, limeshalowa, linainuka, na ninavuta pumzi, na ulimi wangu, ambao haujalitamka lile jina la nyumbani la ulezi tangu nilipopewa kiti hiki, unakwenda nyuma ya meno kulitafuta, na liko pale pale lilipoachwa, uburo.